Deni Likilipwa Limelipwa: Kisa cha Florida na Kura za Waliotoka Gerezani

Mwaka 2013 mwanamume mmoja alisimama mbele ya Rick Scott, gavana wa Florida wakati huo, kuomba arudishiwe haki ya kupiga kura. Alikuwa ametumikia adhabu yake zamani, ila alikuwa na jambo jingine la kujieleza: mwaka 2010 alipiga kura ilhali hakuruhusiwa. Alipoulizwa, akasema kura ile alimpa Scott mwenyewe. Gavana akacheka, na dakika si nyingi mtu yule akarudishiwa haki zake. Wengine waliowahi kupiga kura kinyume cha sheria, wakaenda pale wakiwa na maelezo yasiyochekesha, waliondoka mikono mitupu. Katika kikao kingine Scott alitamka wazi kwamba baraza la msamaha la jimbo, aliloliongoza, halina kigezo chochote, linaweza kufanya lipendavyo.

Maneno hayo yamo katika hukumu ya Jaji Mark Walker ya Februari 1, 2018, iliyosema kwamba utaratibu huo unakiuka Katiba ya Marekani. Nimeanza nayo kwa sababu ndiyo inayoonyesha wakazi wa Florida walikuwa wanapigania nini. Haki ya msingi kabisa ya raia ilikuwa mikononi mwa watu wanne wa baraza hilo, yaani gavana, mwanasheria mkuu wa jimbo, mkuu wa fedha na kamishna wa kilimo. Ndiyo, wa kilimo. Walikutana Tallahassee, mji mkuu wa jimbo, mara nne kwa mwaka, na kila mwombaji alipewa dakika chache za kuonyesha kwamba amekuwa mtu mwema.

Sheria yenyewe ilikuwa ya kale. Katiba ya Florida ya mwaka 1868, iliyoandikwa miaka mitatu tu baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, ilimwondolea kura maisha yake yote mtu aliyepatikana na kosa kubwa la jinai. Watumwa wa jana walikuwa ndio kwanza wanakuwa wapiga kura, na kwa nini kifungu hicho kiliingizwa wakati huo msomaji hahitaji kuambiwa. Matokeo yake, kufikia mwaka 2016, makadirio yaliyotumika zaidi yalionyesha kwamba karibu watu milioni 1.5 wa Florida walikuwa wamemaliza adhabu zao na bado hawawezi kupiga kura. Miongoni mwa Wamarekani weusi wenye umri wa kupiga kura jimboni, zaidi ya mmoja kati ya watano alikuwa nje ya daftari. Na hili ni jimbo ambalo mwaka 2000 liliamua urais wa nchi nzima kwa tofauti ya kura 537.

Kila jimbo la Marekani lina mambo yake katika hili. Maine, ambako siku hizi Wakongo wengi wamehamia Portland, halimwondolei mtu kura hata akiwa ndani ya seli. Ndiyo maana vita hivi havikupiganwa Washington. Vilipaswa kupiganwa jimbo kwa jimbo, na Florida ndiyo iliyokuwa na mlima mrefu kuliko wote.

Magavana walikuwa wamejaribu njia ya mkato. Charlie Crist, akiwa gavana kwa tiketi ya Republican, alilegeza masharti mwaka 2007, na zaidi ya watu 150,000 wakarudishiwa haki zao. Mwaka 2011 Scott akaingia, akafuta yote hayo na kuweka muda wa kusubiri wa miaka 5 au 7 kabla mtu hajaruhusiwa hata kuomba. Katika miaka yake yote madarakani waliorudishiwa ni takriban 3,000. Kilichotolewa kwa kalamu ya gavana mmoja kilifutwa kwa kalamu ya mwingine. Hapo ndipo wanaharakati walipofikia uamuzi ambao kwa maoni yangu ulikuwa sahihi kabisa: suala hili liondolewe mikononi mwa magavana na liingizwe katika katiba ya jimbo kwa kura ya wakazi wenyewe.

Uso wa kampeni hiyo ulikuwa Desmond Meade. Mwaka 2005 alikuwa hana makazi, mraibu wa dawa za kulevya aliyetoka gerezani, na siku moja alisimama kando ya reli jijini Miami akisubiri treni impitie. Treni haikuja. Akavuka reli, akaenda kituo cha kutibu waraibu. Mwaka 2014 alimaliza shahada ya sheria, lakini hakuweza kufanya mtihani wa uwakili, kwa sababu chama cha mawakili cha Florida kilitaka kwanza awe amerudishiwa haki za kiraia. Mwaka 2016 mke wake aligombea ubunge wa jimbo, na mumewe hakuweza kumpigia kura. Meade alikuwa akiongoza muungano wa kutetea urejeshwaji wa haki Florida, na jambo moja alilolisimamia tangu mwanzo ni majina. Hawakuitwa tena wahalifu wa zamani. Waliitwa raia wanaorejea.

Wakenya waliokuwa wakifuatilia mambo mwaka 2020 watakumbuka vitabu vya saini na kifungu cha 257 cha Katiba ya Kenya kinachodai saini milioni moja ili kuibadilisha. Florida nayo ina mlango wa aina hiyo, ila una makufuli mengi. Saini zinazotakiwa ni asilimia 8 ya kura zilizopigwa katika uchaguzi wa rais uliotangulia. Kwa kura ya mwaka 2018 hesabu ilikuwa saini 766,200. Asilimia hiyo sharti ifikiwe pia katika angalau nusu ya majimbo ya uchaguzi ya Bunge la Marekani, ili mtu asizikusanye zote Miami. Kila saini ina karatasi yake. Karatasi inapelekwa kwa msimamizi wa uchaguzi wa kaunti, naye anailinganisha na daftari, na kazi hiyo inalipiwa: wakati huo senti 10 kwa kila saini. Wakati huo pia, ukifikisha sehemu ya kumi ya idadi, maneno ya pendekezo yalikwenda Mahakama ya Juu ya jimbo kukaguliwa kama yanaeleweka na kama yanahusu jambo moja tu. Ukivuka yote hayo, bado kwenye sanduku unahitaji asilimia 60.

Kwa miaka kadhaa kazi hii ilifanywa na watu wa kujitolea. Meade alizunguka jimbo kwa gari akiwa na karatasi zake. Pesa kubwa zilikuja baadaye, chama cha kutetea uhuru wa kiraia cha ACLU kikiwa mbele, na ndipo wakusanyaji wa kulipwa walipoingia. Mwishowe zilipelekwa saini zaidi ya milioni moja, na Januari 2018 pendekezo likapewa namba: Marekebisho ya 4. (Yasichanganywe na Marekebisho ya Nne ya Katiba ya Marekani, yanayohusu upekuzi.)

Jinsi walivyozungumza na watu ndilo somo ambalo wengi wamelichukua kutoka kisa hiki. Kampeni ilikataa kuwa ya chama. Karibu na Meade alikuwepo Neil Volz, mzungu wa Republican aliyewahi kufanya kazi za ushawishi Washington hadi akanaswa katika kashfa ya rushwa na kupoteza kura yake mwenyewe. Waliokuwa wakigonga milango hawakuanza na takwimu za weusi na weupe, wala na mwaka 1868. Walimuuliza mwenye nyumba kama ana mtu anayempenda aliyewahi kukosea. Katika jimbo lenye watu milioni 1.5 wa aina hiyo, ni nani hana binamu, shemeji, au mtoto? Makundi ya Kikristo ya mrengo wa kulia yaliunga mkono, na shirika la mtandao wa akina Koch, matajiri wa mrengo huo huo, vilevile. Upinzani wenye fedha haukujitokeza.

Halafu kulikuwa na kaulimbiu: deni likilipwa, limelipwa.

Mswahili akisikia hivyo anaitikia mara moja, maana kwetu tunasema dawa ya deni ni kulipa. Ni maneno ya haki tupu. Mtu kakosea, jamii imemdai miaka yake, kailipa, sasa mwacheni. Yaliingia masikioni mwa mhafidhina na mliberali bila kumkwaruza yeyote. Novemba 6, 2018 Marekebisho ya 4 yalipita kwa asilimia 64.55, kura zaidi ya milioni 5.1. Siku hiyohiyo Ron DeSantis alichaguliwa gavana kwa kura kama milioni 4.07, akimpita mpinzani wake kwa chini ya nusu asilimia. Yaani raia wanaorejea walipata kura milioni moja zaidi ya gavana mpya. Januari 8, 2019 marekebisho yalianza kufanya kazi, na Meade akaenda kujiandikisha Orlando akiwa na familia yake.

Hadithi nyingi zinaishia hapo. Mimi naona uchambuzi ndipo unapoanzia.

Turudi kwenye maandishi yenyewe. Marekebisho yalisema kwamba kura inarudishwa baada ya mtu kukamilisha masharti yote ya hukumu yake, ikiwemo paroli au kifungo cha nje, isipokuwa kwa waliopatikana na hatia ya mauaji au kosa kubwa la ngono. Kila kipande cha sentensi hiyo kiliwekwa ili kufikia asilimia 60. Kuwatenga wauaji na wabakaji kulimtuliza mpiga kura mwenye wasiwasi. "Masharti yote" kuliendana na ile kaulimbiu ya deni. Machi 2017, pendekezo lilipokuwa mbele ya Mahakama ya Juu ya Florida, jaji mmoja alimuuliza wakili wa waliolipendekeza, Jon Mills, kama kukamilisha hukumu kunajumuisha kulipa faini zote. Wakili akajibu kwamba ndiyo.

Lilikuwa jibu la dakika moja, lililotolewa ili pendekezo lipite, na lilipita. Miaka mitatu baadaye ndilo lililotumika kuwafungia mlango.

Kumbuka Florida ni jimbo la namna gani kwa mambo ya fedha za mahakama. Tangu mageuzi ya katiba ya mwaka 1998, ofisi za makarani wa mahakama zinaendeshwa kwa sehemu kubwa na ada zinazotozwa watu. Mtu akihukumiwa anabandikwa ada za kila namna, hata ada ya kuomba wakili wa utetezi anayelipwa na serikali. Kesi za kusafirisha dawa za kulevya zina faini za lazima kuanzia dola 25,000. Asipolipa, deni linaweza kupelekwa kwa wakala wa kukusanya madeni, ambaye sheria inamruhusu kuongeza hadi asilimia 40 juu yake. Mtu anatoka gerezani hana kazi, na kila mwezi deni linanona.

Kwa hiyo DeSantis aliposema, hata kabla hajaapishwa, kwamba bunge la jimbo litunge sheria ya utekelezaji, hatari ilikuwa wazi. Kampeni ilijibu kwamba marekebisho yanajitosheleza na hayahitaji sheria yoyote. Kisheria hoja hiyo ilikuwa na uzito. Kisiasa, kwangu mimi, lilikuwa kosa kubwa kuliko yote ya kisa hiki. Kikao cha bunge la Florida huchukua siku 60 tu. Walio na wingi walikwenda Tallahassee na muswada mkononi. Wenye kura milioni 5.1 walikwenda kutetea pasiwe na muswada. Katika chumba cha kamati, anayeshika karatasi ndiye anayeongoza mazungumzo, na mwingine hubaki kuomba koma ihamishwe. Wangefika na rasimu yao wenyewe, inayosema bayana hukumu ni nini na ada ni nini, labda wangeshindwa vilevile, maana hesabu ya viti haikuwa upande wao. Lakini wabunge wangelazimika kuikataa hadharani miezi sita tu baada ya wapiga kura wao kusema ndiyo.

Muswada wa Seneti namba 7066 ulipita Mei 2019, na gavana akautia saini Juni 28. Ulisema masharti yote ni pamoja na faini, ada na fidia zilizoandikwa katika hukumu. Si kwamba ushawishi wa raia wanaorejea haukuzaa kitu. Riba na nyongeza zilizokuja baada ya hukumu hazihesabiwi, na jaji aliruhusiwa kubadilisha deni au kuligeuza kuwa kazi za kijamii. Mlango huo mdogo baadaye ulitumiwa na waendesha mashtaka wa kaunti kadhaa, Miami-Dade mojawapo, kuwapitisha watu mahakamani kwa makundi.

Kesi ilifunguliwa mara moja. Ushahidi uliotolewa mbele ya Jaji Robert Hinkle ulionyesha kwamba watu wapatao 774,000 walikuwa wamemaliza kifungo na uangalizi lakini wana deni. Kilichomkasirisha zaidi jaji huyo, nikisoma hukumu yake ya Mei 24, 2020, ni kwamba jimbo lenyewe halikuweza kumwambia mtu anadaiwa kiasi gani. Hakuna daftari moja. Kuna kaunti 67, kila moja na mafaili yake, mengine ya miaka ya nyuma hayasomeki au hayapo. Jimbo lilikuwa na maombi 85,000 ya uandikishaji yanayosubiri kuchunguzwa, na kwa mwendo wake wa kazi yangemalizika mwaka 2026 au baadaye. Hinkle aliuita utaratibu huo lipa ndipo upige kura, akaamuru kwamba asiyeweza kulipa aruhusiwe.

Furaha ilikuwa fupi. Mahakama ya Juu ya Florida ilikuwa imeshatoa maoni Januari 2020 kwamba masharti yote maana yake ni masharti yote, na jibu la Mills lilikuwa kwenye kumbukumbu. Julai Mahakama Kuu ya Marekani ilikataa kuingilia. Septemba 11, 2020 mahakama ya rufaa ya shirikisho ya Atlanta, majaji 6 dhidi ya 4, ikatengua uamuzi wa Hinkle, wiki chache kabla ya uchaguzi wa rais.

Kilichofuata kinanivutia kuliko mikutano yote ya hadhara ya 2018. Muungano wa Meade uligeuka kuwa ofisi ya kulipa madeni. Ulikuwa umeanzisha mfuko tangu 2019. Sasa michango ikaja kwa kishindo, Michael Bloomberg, tajiri aliyewahi kuwa meya wa New York, akisaidia kukusanya zaidi ya dola milioni 16. Wafanyakazi wa muungano wakaketi na majina, wakapiga simu kwa makarani, wakatafuta faili la kila mtu, wakalipa. Mwanasheria mkuu wa jimbo aliomba Bloomberg achunguzwe, lakini hakuna aliyeshtakiwa. Kuna waliolaumu kwamba kulipa ni kukubali uhalali wa dai. Lawama hiyo naielewa, ila sikubaliani nayo. Mtu wa miaka sitini ambaye hajawahi kupiga kura, na deni lake ni dola mia tano, hawezi kuambiwa asubiri kizazi kingine ili hoja ibaki safi.

Bunge nalo halikulala. Mwaka huohuo wa 2019 lilipiga marufuku kuwalipa wakusanyaji kwa idadi ya saini, na mwaka 2020 likapandisha kiwango cha kufika Mahakama ya Juu kutoka sehemu ya kumi ya saini hadi robo. Mlango waliopitia raia wanaorejea ukabanwa nyuma yao.

Sasa kipande cha pili cha ile sentensi ya marekebisho. Agosti 2022 DeSantis alitangaza kukamatwa kwa watu 20 kwa kupiga kura kinyume cha sheria mwaka 2020. Karibu wote walikuwa na hatia za zamani za mauaji au ngono, yaani wale waliotengwa ili kura zifike asilimia 60. Wengi walijaza fomu, wakaandikishwa, wakapewa kadi na serikali yenyewe. Video za polisi zilizotolewa Oktoba zinawaonyesha wakiuliza wamekosa nini, na baadhi ya askari wakiwaonea huruma waziwazi. Majaji walitupa kesi kadhaa kwa sababu mwendesha mashtaka wa ngazi ya jimbo hakuwa na mamlaka juu yake. Februari 2023 bunge likakutana na kumpa mamlaka hayo.

Mwaka huo wa 2023 ilitungwa sheria nyingine, ndefu, na ndani yake kuna agizo dogo kuhusu kadi ya mpiga kura anayotumiwa kila aliyeandikishwa Florida. Kadi hiyo sasa sharti ichapwe maneno yanayosema kwamba inathibitisha umeandikishwa tu, si kwamba una haki ya kupiga kura, na kwamba kuhakikisha unayo ni juu yako.